Hawana paka wala mbwa, viroboto wametoka wapi?

Dar es Salaam. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya, mtoto wa miaka minne aliamka mara tatu akijikuna miguu. Mama yake alidhani ni mbu. Alichomekea chandarua upya, akampaka mtoto mafuta ya nazi, akamlaza. Asubuhi alihesabu vipele 19, kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi chini ya magoti, vimekaa makundi makundi, kila kimoja na kidoa chekundu katikati.

Familia hiyo ya watu watano ilihamia Tabata siku ya Jumamosi, kwenye nyumba iliyokaa bila mpangaji kwa karibu miezi mitatu. Hawakuwa na paka wala mbwa. Hata kuku hawafugi. Ndiyo maana siku ya tatu, mama alipomwona mdudu mdogo wa kahawia akiruka kutoka kwenye zulia na kutua kwenye soksi nyeupe ya mwanawe mkubwa aliyekuwa anajiandaa kwenda shule, hakuitilia shaka nyumba. Alimtilia shaka mtu.

Mtu huyo alikuwa dada wa kazi, binti wa miaka 19, aliyefika kutoka Lushoto wiki hiyo hiyo ya kuhama. Alikuja na begi moja la nguo na mfuko wa matunda damu, zawadi kutoka kwa mama yake.

"Nilimuuliza kwa upole," anasimulia mama huyo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anaishi mtaa huo huo. "Nikamwambia, mdogo wangu, kwenu kuna viroboto? Akanijibu, wapo dada, kwenye nyumba za udongo hawakosekani. Mimi nikaona amekiri."

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kusaidia kupanga vyombo, ndiye aliyefunga kesi. Yeye aliishi Tanga miaka ya themanini, na aliposikia viroboto na Lushoto katika sentensi moja, alishika kifua. "Mkwe wangu, huko ndiko kulikokuwa na tauni," alisema. "Watu walikufa."

Kabla ya jua kuzama, begi la binti lilikuwa nje uani. Nguo zake zililowekwa kwenye maji ya moto. Begi lenyewe na kitenge alichokitandika kwenye godoro vilichomwa moto nyuma ya nyumba, mwenyewe akiwa amesimama anatazama. Siku tisa baadaye alipewa nauli na kusindikizwa kituo cha basi.

Viroboto walibaki.

Bibi alikumbuka sawasawa, akakosea mtu

Alichokisema mama mkwe si hadithi. Tauni ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980 na kuendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20, ikiugusa mji na vijiji vya milima ya Usambara Magharibi na kuacha wagonjwa zaidi ya 7,000. Bakteria wa ugonjwa huo huishi kwa panya na wanyama wengine wadogo wagugunaji, na kiroboto ndiye anayewahamisha kwenda kwa binadamu. Watafiti waliofanya kazi huko, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro, walikusanya viroboto ndani ya nyumba za wanavijiji, na miongoni mwao walimkuta pia yule ambaye chakula chake kikuu ni damu ya binadamu. Huyo hahitaji paka wala mbwa. Sakafu ya udongo na watu wanaolala chini vinamtosha.

Lakini ugonjwa huo umetulia Lushoto tangu miaka ya mwanzoni ya 2000, na binti mwenyewe alizaliwa baada ya hapo. Pia kiroboto aliyekomaa hapendi kukaa kwenye begi. Anataka damu ya moto, na akiikosa kwa wiki moja au mbili hufa. Inawezekana mmoja au wawili wakasafiri ndani ya nguo. Kundi linalomuuma mtoto mara 19 kwa usiku mmoja, usiku wa kwanza, haliwezi kuzaliwa kutoka kwenye begi lililoingia ndani ya nyumba siku hiyo.

Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga. Badala yake vita viliendelea, na kwa mpangilio ambao familia nyingi za mjini zinaufahamu.

Kwanza lilinunuliwa kopo la dawa ya mbu. Baba alipuliza hewani kila chumba, akafunga milango, wakatoka kwenda kukaa kwa jirani. Waliporudi walikuta viroboto wanne wamekufa sebuleni, wakafurahi. Kesho yake jioni watoto walikuwa wanajikuna kama kawaida.

Kisha jirani akashauri mafuta ya taa kwenye maji ya kudekia. Nyumba ilinuka siku mbili, mtoto mdogo akabanwa na kifua. Ushauri huo umezagaa sana mitaani, na ni wa hatari: mvuke wa mafuta ya taa unaumiza mapafu ya watoto, na sakafu iliyolowa mafuta hayo katika nyumba yenye jiko la mkaa au la gesi inasubiri cheche moja tu.

Katikati ya hayo, mume na mke nao walianza kupishana maneno. Mume hakuwa na kipele hata kimoja. "Aliniambia nimepata wazimu wa usafi," anasema mama huyo. Ukweli ni kwamba mume aliumwa kama wenzake. Ngozi hazifanani: wapo wanaovimba kwa kuumwa mara moja, na wapo wasioonyesha alama yoyote. Anayevimba ndiye anayeonekana mchafu, au mlalamishi.

Sumu ya panya ilipoharibu mambo

Kosa kubwa kuliko yote lilifanyika bila mtu kuhisi kuwa lina uhusiano na viroboto. Usiku darini kulikuwa na panya. Walisikika wakikimbizana, na asubuhi mkate ulikutwa umetobolewa. Baba alinunua sumu, akaiweka darini na stoo. Usiku wa tatu kukawa kimya. Siku ya tano harufu ikaanza kushuka kutoka juu.

Wiki hiyo hiyo viroboto waliongezeka kiasi ambacho hata mume alikubali kuwa yapo. Mama anasema aliwaona wakiruka juu ya shuka mchana kweupe.

Panya anapokufa, mwili wake hupoa, na viroboto waliokuwa kwenye manyoya yake huondoka mara moja kutafuta mwili mwingine wa moto. Kama chini ya dari wamelala watoto, ndiko watakakokwenda. Katika maeneo yenye tauni kanuni hii ni suala la uhai: viroboto hushughulikiwa kwanza, panya baadaye. Anayeanza na panya anawafungulia mlango wadudu waje kwa watu. Katika nyumba ya Tabata isiyo na tauni matokeo yake ni muwasho na usingizi wa mang'amung'amu, lakini kanuni ni ile ile.

Hapo ndipo mama alipokwenda ofisi ya kata kumuona afisa afya. Anasema alikwenda kwa aibu, asubuhi sana, ili asikutane na watu.

Afisa huyo alipofika nyumbani hakutoa dawa. Aliomba soksi nyeupe ndefu, akazivaa juu ya suruali hadi magotini, akaanza kutembea polepole chumba kwa chumba, akisimama dakika mbili mbili na kuangalia miguu yake. Chumba cha watoto walimrukia viroboto wawili. Sebuleni wanne. Stoo, chumba ambacho familia ilikuwa imerundika maboksi bila kukitumia, walimrukia 11.

Dirisha la stoo lilikuwa na kioo kilichovunjika na wavu uliochanika. Nyuma ya mlango, chini ya maboksi, lilikuwapo gunia kuukuu lililojaa manyoya ya paka.

"Nani alikuwa anafuga paka humu?" aliuliza. Watu wa ndani wakatazamana. Aliyejibu ni mtoto wa jirani, amesimama mlangoni akitazama soksi za mgeni. Alisema paka wa mtaani alizalia humo, watoto wanne, wakati nyumba haina watu. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Hakuna aliyewauliza.

Kwa nini nyumba tupu inauma

Jibu la swali la "wametoka wapi" mara nyingi liko sakafuni, tena lilikuwapo kabla ya mwenye nyumba wa sasa kufika.

Kiroboto jike akishashiba damu hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayagandi kwenye manyoya. Yanadondoka popote mnyama anapolala au kupita, kama chumvi inayomwagika kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Yakianguliwa hutoka mabuu membamba meupe yasiyouma mtu. Yanakimbia mwanga, yanajificha chini ya zulia, kwenye nyufa za saruji na pembeni mwa ukuta, yakila vumbi lenye kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka.

Baadaye kila buu hujifunga ndani ya kifuko cha nyuzi kama hariri. Kifuko hicho kinanata, kwa hiyo vumbi na mchanga hukishika mpaka kinafanana na uchafu wa kawaida. Ukikiona huwezi kukitambua. Dawa nyingi za kupuliza hazikipenyi. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, safari yote kutoka yai hadi kiroboto inaweza kukamilika kwa wiki mbili au tatu, lakini aliyemo ndani ya kifuko halazimiki kutoka. Akihisi hakuna mtu wala mnyama anaweza kusubiri humo kwa miezi.

Anachosubiri ni dalili za mwenye damu: mtikisiko wa nyayo sakafuni, joto la mwili, hewa tunayoitoa tukipumua. Zikija, anatoka kwa muda mfupi sana akiwa na njaa ya tangu azaliwe. Sasa fikiria siku ya kuhama. Watu kumi wanaingia na kutoka, kabati linaburutwa, vitanda vinagongwa, watoto wanakimbia kwenye vyumba vitupu kwa furaha. Nyumba iliyolala miezi mitatu inaamshwa yote kwa saa moja.

Ndiyo maana usiku wa kwanza ulikuwa mbaya kiasi kile. Na ndiyo maana dada wa kazi, aliyeingia siku ile ile, alionekana kuwa ndiye chanzo.

Paka wa mtaani si chanzo pekee. Katika nyumba isiyofuga, mahali pa kuangalia ni darini kwa ajili ya panya, chini ya ngazi au baraza wanapolala mbwa wasio na mwenyewe, na fanicha za mitumba zilizokaa kwenye ghala au banda. Kama chumba kiliwahi kuwa na mnyama wa mpangaji aliyepita, mnyama akiondoka viroboto huwa hawaondoki wote pamoja naye. Inafaa pia kuhakikisha kwanza kama ni viroboto kweli. Kunguni hawaruki, hukaa kwenye mishono ya godoro na maungio ya kitanda, na huuma popote palipo wazi mtu akiwa amelala, mikono na shingo ikiwamo. Kiroboto anaruka, na miguu ndiyo anayoifikia kwanza. Asiye na uhakika aweke usiku beseni pana la maji yenye sabuni ya unga sakafuni, karibu na taa ndogo. Viroboto hurukia mwanga, huangukia majini na kuzama. Beseni haliwamalizi, ila asubuhi halidanganyi.

Kazi iliyofanyika, na kwa utaratibu gani

Familia ilitenga Jumamosi nzima. Afisa afya alisisitiza utaratibu kuliko nguvu ya dawa.

Gunia halikubebwa kavu. Lilinyunyiziwa dawa hapo hapo lilipo, likaingizwa kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na kufungwa, ndipo likatolewa nje na kuchomwa. Panya waliokufa darini nao walinyunyiziwa kwanza, wakachukuliwa kwa mkono uliovishwa mifuko miwili. Aliyekwenda darini ni baba, na mama anasema hilo lilimaliza mabishano yao yote.

Kisha ikaja sehemu ambayo watu wengi huiruka kwa sababu haina harufu ya dawa: kufagia na kudeki. Maboksi yote yalitolewa. Vitanda vilisogezwa. Ufagio ulipita hasa pale sakafu inapokutana na ukuta, na kwenye nyufa walitumia kijiti. Vumbi lilikusanywa kwenye mfuko, likafungwa na kuchomwa, halikumwagwa uani. Sakafu ikadekiwa kwa maji ya moto yenye sabuni. Kazi hiyo peke yake huondoa mayai na mabuu mengi kuliko kopo lolote, na huwanyang'anya wanaobaki chakula chao. Zulia lilianikwa kwenye kamba kutwa nzima, likapigwa kwa fimbo pande zote mbili. Mabuu hayastahimili ukavu, na jua la saa saba mchana ni dawa isiyouzwa. Shuka, mapazia na foronya vilifuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi, mishono ikipewa muda zaidi.

Dawa ilikuja mwisho. Waliyotumia ni ya jamii ya paretroidi, yaani dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka kwenye kemikali ya maua ya pareto, yale yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini. Ilipulizwa sakafuni, chini ya vitanda, kwenye nyufa na pembeni mwa kuta. Haikupulizwa hewani, kwani kiroboto haishi hewani. Vyombo, ndoo za maji na midoli vilitolewa nje, na watu hawakurudi ndani hadi sakafu ilipokauka.

Hapa lipo jambo la kusisitiza. Dawa ya pamba, ya mahindi au ya kuogeshea ng'ombe, ambayo hupimwa kwenye chupa za soda na kuuzwa bila maelezo, si ya chumba wanacholala watoto. Dawa halali ya nyumbani ina maelezo ya matumizi na namba ya usajili, na kwa Tanzania msimamizi wake ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Duka lisiloweza kuonyesha lebo lipitwe.

Siku ya tano simu ya afisa afya iliita. Mama alikuwa na hasira, viroboto walikuwa wamerudi na dawa ilikuwa feki. "Alicheka kwanza," anasimulia. "Akasema, hao ni wa kwenye vifuko, ndiyo kwanza wanazaliwa. Usifunge nyumba. Tembeeni, pigeni miguu, watoke wakanyage dawa."

Watu wengi hukata tamaa siku hiyo ya tano au ya sita. Hubadilisha dawa, huchanganya mbili, au hurudi kwenye mafuta ya taa. Kumbe kinachotakiwa ni kufagia kila siku na kupuliza tena baada ya siku 14, ili waliotoka kwenye vifuko wauawe kabla hawajataga. Kila Jumamosi mama alivaa soksi nyeupe na kusimama stoo dakika mbili. Wiki ya kwanza walimrukia watano. Ya pili wanne. Ya tatu mmoja. Wiki ya tano na ya sita hakuna.

Panya waliobaki walishughulikiwa baada ya hapo, kwa mitego badala ya sumu, na unga na mchele vikahamia kwenye ndoo zenye mifuniko. Mama mwenye nyumba, ambaye mwanzoni alisema wapangaji wamekuja na wadudu wao, alikuja kuonyeshwa picha ya gunia kwenye simu. Alilipia kioo cha stoo, wavu wa chuma wa kuzibia tundu la darini na mfuko mmoja wa saruji wa kuzibia nyufa. Fundi walimlipa wenyewe.

Mtoto bado ana makovu madogo miguuni kwa sababu alijikuna hadi vidonda vikapata usaha. Kucha fupi, sabuni na maji baridi kwenye vipele vingeepusha hayo. Kwa yeyote aliyeumwa na viroboto kisha akapata homa kali, au mtoki wenye maumivu kinenani au kwapani, hospitali ni siku hiyo hiyo, na amweleze daktari kuhusu viroboto na panya.

Ilimchukua mama huyo wiki mbili zaidi kupiga simu Lushoto.

"Alipokea, kabla sijasema kitu akaniambia, shikamoo dada, watoto hawajambo? Nikashindwa kuongea," anasema. Alimweleza kuhusu paka, gunia na stoo. Alimuomba msamaha. Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mdogo bado anakataa uji. Sasa anasaidia kwa mama lishe mmoja Korogwe.

Alimtumia fedha ya begi na ya kitenge kwa simu. Ujumbe uliorudi ulisema, "Nimeipata dada, asante." Kuhusu kurudi Dar es Salaam hakusema chochote, na mama hakuthubutu kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja dada mwingine kutoka Singida, na begi lake. Lilipelekwa moja kwa moja chumbani na hakuna aliyeligusa. Mama mkwe, aliyekuwapo siku hiyo, alilitazama likipita, akafungua mdomo, kisha akaomba aletewe chai.